Mfundishe Kutulia Kwanza: Ushauri kwa Wenye Mbwa wa Msaada Bukoba na Muleba

Mbwa akiingia sokoni Bukoba, mtu wa kwanza kumwona hutafuta jiwe. Huwezi kumlaumu. Mbwa tuliowazoea ni wa aina mbili: wa ulinzi, anayefungwa mchana na kufunguliwa usiku, na koko anayezurura jalalani. Wote wawili hakuna aliyewalea wakae na watu. Juu ya hayo kuna kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo anayetaka kutoka Kamachumu na mbwa wake wa msaada hadi hospitali ya mkoa mjini Bukoba ana kazi mbili: kumfundisha mbwa, na kuwatoa watu hofu. Nitazigusa zote mbili, lakini ushauri wangu mkubwa ni mmoja: kabla hujamfundisha mbwa kufanya kazi mbele za watu, mfundishe kukaa mbele za watu bila kufanya lolote.

Mbwa wa msaada si mbwa aliyevishwa kizibao. Ni mbwa aliyefundishwa kazi maalumu ya kumpunguzia mtu ugumu unaotokana na ulemavu wake: kumwongoza asiyeona, kumgusa kiziwi goti mtu anapobisha hodi, kumwokotea mzee fimbo iliyomponyoka. Kazi hii imepita miaka mia moja. Mwaka 1916, mwaka mmoja baada ya Waingereza kuishambulia Bukoba iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, daktari Mjerumani Gerhard Stalling alifungua mjini Oldenburg shule ya mbwa wa kuwaongoza askari waliopofuka vitani. Wamarekani walifuata mwaka 1929 na shule yao ya The Seeing Eye, na Afrika Kusini wakaanza mwaka 1953.

Kwetu mbwa wenye mafunzo ya juu tunawaona zaidi kwa polisi, wenye Kikosi cha Mbwa na Farasi, na kwa wahifadhi. Huko Usa River, Arusha, wamefundishwa mbwa wa kunusa pembe za ndovu waliopelekwa kufanya kazi Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, kwenye bandari na viwanja vya ndege. Mbwa wa kazi hiyo akigundua mzigo wenye magendo, habweki wala haparui. Hukaa chini, akamtazama mwongozaji wake, akasubiri mpira wake wa kuchezea. Makuli wanapiga kelele, magari yanapita, yeye amekaa. Kama mbwa wa kunusa magendo anahitaji utulivu kiasi hicho, wa kumsindikiza bibi kliniki anauhitaji zaidi.

Jua mipaka ya mafunzo ya nyumbani

Shule za mbwa wa kuongoza wasioona ziko mbali nasi, na mbwa mmoja huchukua karibu miaka miwili tangu kuzaliwa hadi kukabidhiwa mtu. Usijidanganye kwamba utamfikisha hapo peke yako uani. Asiyeona anayevuka barabara ya lami ya Bukoba kwenda Muleba, yenye malori na bodaboda, ategemee fimbo nyeupe na mtu wa kumshika mkono. Mbwa aliyefundishwa nyumbani asibebeshwe dhamana ya uhai wake. Lakini kazi nyingine zinawezekana kabisa: kumjulisha mama kiziwi kwamba mtoto analia, kuokota kitu kilichoanguka, kutembea taratibu kando ya mzee, kwenda kumwita mtu wa nyumbani. Familia zenye watoto wanaosoma Shule ya Msingi Mugeza Mseto, ambako watoto wenye ulemavu husoma pamoja na wenzao, zinaelewa ninachosema: msaada mdogo unaopatikana kila siku una thamani kubwa.

Kuchagua na kuchanja

Usimgeuze mbwa wa ulinzi kuwa wa msaada. Amefundishwa, au amejifundisha mwenyewe, kwamba mgeni ni adui. Tafuta mtoto wa mbwa, na kwanza mtazame mama yake: mama anayekuacha ukae karibu bila kufoka ana nafasi nzuri ya kuzaa wapole. Mbwa wetu wa kienyeji anafaa. Manyoya yake ni mafupi na hukauka upesi, jambo kubwa kwa mji wenye mvua kama Bukoba, na hali chakula kingi. Mchukue akiwa na wiki saba au nane. Angusha mfuniko wa sufuria hatua chache kutoka alipo. Anayeshtuka kisha akarudi kuunusa ndiye wako. Anayekimbilia uvunguni akakataa kutoka, mwache kwa mwingine.

Wiki za mwanzo za uhai wake, mpaka karibu ya kumi na nne, ndizo anazojifunza kipi ni cha kawaida duniani. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini bado hajakamilisha chanjo, kwa hiyo mpakate. Usimweke chini mahali wanapopita mbwa wengine. Mpeleke kando ya barabara asikie pikipiki, aone mwavuli ukifunguka, mwanamke aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani, mwanamume mwenye koti la mvua, watoto wa shule wakitoka darasani.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa afikishapo miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba atakayokupa mtaalamu. Mwone ofisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wa halmashauri, uulize pia chanjo nyingine na dawa za minyoo, kupe na viroboto. Cheti cha chanjo kiweke kwenye mfuko usiopitisha maji, ukitembee nacho kila uendako, maana ndicho kitakachokusemea mbele ya kondakta na mlinzi wa getini. Na hata mbwa aliyechanjwa akimng'ata mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Somo la gunia

Kifaa cha kwanza unacho tayari nyumbani: gunia la kahawa lililokwisha kazi. Likunje mara mbili, ulitandike uani. Zawadi yako iwe dagaa wakavu wa ziwani, wa rejareja. Chagua waliokaushwa kwenye chanja, wasio na mchanga.

Weka dagaa mmoja juu ya gunia. Mbwa akikanyaga gunia kumfuata, mpe wa pili. Akilala, mpe wa tatu katikati ya miguu ya mbele, ili kichwa kibaki chini. Neno lako liwe moja, na nyumba nzima ilitumie hilohilo. Kiwe Kiswahili au Kihaya, mbwa hajali. Anachohitaji ni kwamba baba asiseme hili na watoto lile. Siku za mwanzo inatosha alale kwa muda wa kuvuta pumzi chache. Ongeza kidogo kidogo mpaka aweze kulala hapo tangu ndizi zinapomenywa hadi zinapoiva.

Akishaweza, mletee vishawishi. Kuku apite. Mtoto akimbie. Jirani abishe hodi, aingie, anywe chai, aondoke. Mbwa akiinuka, mrudishe kwenye gunia bila kelele na bila kipigo. Kumpiga mnyama kikatili kunakatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na hata bila sheria, mbwa aliyezoea kupigwa huuogopa mkono unaomjia ghafla. Stendi imejaa mikono ya ghafla, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeng'ata.

Faida ya gunia ni kwamba linakunjika na kubebeka. Ukilitandika chini ya benchi la zahanati au la mama lishe, mbwa anakuta pale mahali anapopajua, penye harufu ya nyumbani. Hutakuwa na haja ya kumwambia tena na tena atulie.

Wakati huohuo mzoeze kuguswa. Kila jioni mshike masikio, kucha, mdomo, na hasa mkia, huku ukimpa dagaa. Ubane mkia polepole kwa vidole, umpe dagaa, uachie. Ipo siku mtu ataukanyaga ndani ya basi lililojaa, na sekunde hiyo ndiyo itakayoonyesha kama ulimwandaa.

Somo la kuacha

Mji wetu ni mgumu kwa pua ya mbwa. Mwalo wa Nyamukazi una dagaa walioanikwa, sokoni kuna vichwa vya sangara, na kwa mama lishe mifupa iko chini ya meza. Mbwa asiyejua kuacha ataiba, na mwizi mmoja anatosha kukufungia milango yote.

Fumba dagaa kwenye ngumi, umwekee puani. Ataramba, ataparua, atalalamika. Kaa kimya. Akiondoa pua tu, hata kwa bahati, msifu na umpe dagaa mwingine kutoka mkono wa pili. Yule wa kwenye ngumi asimpate kamwe. Hapo anaelewa jambo litakalomsaidia maisha yake yote: kile anachokiacha hakirudi, bali riziki hutoka kwa mwenye kamba. Baadaye weka dagaa chini, ufunike kwa kiatu; kisha bila kufunika; kisha mpite mbali kidogo na fungu zima; mwisho mpite mwaloni kwenyewe, kwanza kwa mbali, kamba ikiwa imelegea.

Kishawishi kikubwa kuliko vyote kwetu ni senene. Msimu wao mkubwa wa Novemba na Desemba, taa kali huwashwa usiku, mabati husimamishwa juu ya mapipa, wadudu huanguka kama mvua na watoto hukimbilia kila kona. Mbwa mchanga hapo anapoteza akili. Msimu wake wa kwanza mweke ndani usiku, ukamfundishe kwa senene wachache mkononi, kwa namna ileile ya dagaa. Msimu wa pili mpitishe kwa mbali, akitazama wewe badala ya taa, umpe zawadi nono.

Kutoka kibanjani hadi stendi

Kosa la wengi ni kumtoa mbwa kibanjani moja kwa moja hadi stendi ya Bukoba siku ya Jumamosi. Wapiga debe wanavuta mizigo, honi zinalia, mbwa anachanganyikiwa, mwenyewe anaona aibu, na hapo safari zinaishia. Panda ngazi moja moja: njia ya kijijini asubuhi, kisha duka la jirani, kisha senta ndogo siku isiyo ya gulio, kisha stendi ya Muleba saa za utulivu, na Bukoba mwishoni.

Dawa ya kila ngazi ni umbali. Simameni mbali kiasi kwamba mbwa anaona na kusikia lakini bado anakula dagaa na kukutazama. Akikataa dagaa anaowapenda, mko karibu mno, rudini nyuma. Akiweza, sogeeni hatua chache. Dakika kumi nzuri zina faida kuliko saa nzima ya mabavu, na ondokeni akiwa bado anafanya vizuri.

Zijue ishara za mbwa aliyechoka: anapiga miayo bila usingizi, anaramba midomo bila chakula, mkia umeingia katikati ya miguu, anahema mahali penye baridi, anageuza uso. Ukiziona mbili kwa pamoja, rudini nyumbani. Usingoje afoke. Na akifoka, usimwadhibu kwa kufoka, ongeza umbali. Ukimnyima sauti ya kuonya, siku nyingine atang'ata bila onyo.

Barabarani mtakutana na ng'ombe, mbuzi na mbwa koko. Kwa ng'ombe, pisha mapema, mbwa akiwa upande wako wa mbali. Kwa koko, usikimbie na usimnyanyue mbwa wako. Simama kati yao, chukua fimbo uigongeshe chini, songa taratibu.

Kila mahali na adabu yake

Kwenye basi dogo, fika kabla abiria hawajajaa. Zungumza na kondakta kabla hujapanda, mkubaliane nauli ya nafasi ya mbwa kama anaidai. Kaa pembeni, gunia chini ya miguu yako, mbwa akiwa ubavuni mwa gari na wewe ukiwa kati yake na watu. Asile saa chache kabla ya safari, maana wengi hutapika. Kabla ya hayo yote, omba gari lililoegeshwa, mkae ndani dakika chache, injini imezimwa, kisha imewashwa.

Kwa anayesafiri na meli kwenda Mwanza, mazungumzo yafanyike ofisini kabla ya kukata tiketi. Safari ni ya usiku kucha, na mbwa aliyezoea kujisaidia juu ya nyasi na majani ya kibanjani hataelewa sakafu ya chuma. Mfundishe mapema kujisaidia kwa neno, juu ya boksi lenye majani makavu ya mgomba, kisha ubebe boksi hilo. Nchi kavu pia, ajisaidie kabla ya kuingia mjini, na ikitokea njiani, uzoe wewe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini gazeti kuukuu au jani la mgomba linatosha.

Hospitalini, uliza kwanza. Mbwa asiingie chumba cha upasuaji, maabara wala wodi ya wagonjwa wa kuambukiza. Nenda na mtu wa kukaa naye nje wakati wewe unaingia kwa daktari, na huyo awe amefanya naye somo la gunia nyumbani.

Kwa ndugu zetu Waislamu, wengi wao wakifuata madhehebu ya Shafii, mate na unyevu wa mbwa ni najisi, na aliyeguswa analazimika kujitwaharisha kabla ya swala. Hii si chuki kwa mnyama. Kurani yenyewe inaruhusu kula kilichowindwa na mbwa aliyefundishwa. Basi mbwa wako asirambe mtu, asikung'ute maji karibu ya watu, na mvua ikinyesha umfute kwa taulo kabla hujaingia dukani. Msikitini abaki nje. Mwaka 2008, mjini Leicester, Uingereza, Muislamu kijana asiyeona aliruhusiwa kufika msikitini na mbwa wake, akatengewa mahali pa mbwa kupumzikia mlangoni. Walizungumza kwanza, wakapata njia. Kanisani nako mwone mchungaji au paroko katikati ya juma, si dakika tano kabla ya ibada. Na kwenye msiba, ambako watu wamekaa chini na wamechoka, muulize mwenye nyumba, akisita, usimshurutishe.

Kuwafundisha watu

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inalinda haki ya mtu mwenye ulemavu kufikia huduma na majengo ya umma. Aidha Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki hizo, ambao Ibara yake ya 20, kuhusu kutembea kwa uhuru, inataja pia msaada ulio hai. Ni vizuri uyajue haya. Lakini mlangoni, maneno ya kwanza yasiwe ya sheria. Salamu hufungua zaidi: "Shikamoo, mama. Samahani, huyu mbwa ananisaidia, maana sisikii vizuri. Amechanjwa, cheti hiki hapa. Naomba alale chini ya benchi, hatasumbua." Ukikataliwa, shukuru, uondoke, urudi siku nyingine na mtu anayeheshimika mtaani. Mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa akimjua mbwa wako kwa jina, nusu ya mawe yameshatua chini.

Watoto wanahitaji somo lao. Waombe walimu wa shule ya jirani nafasi fupi, uwaeleze mambo matatu: usimguse, usimwite, usimpe chakula akiwa kazini. Anayemwogopa asikimbie, asimame kama mti, mikono ubavuni, mbwa atapita. Usimlazimishe mtoto kumpapasa ili hofu imtoke. Mwache amtazame akiwa amelala juu ya gunia. Wiki zikipita, atasogea mwenyewe.

Akishindwa, akubalike

Hata kwenye shule kubwa duniani, mbwa wengi huondolewa kwenye mafunzo: mmoja anaogopa ngazi, mwingine hawezi kuona paka akatulia. Wa kwako akifikisha miaka miwili bado anatetemeka stendi, mwache awe mbwa wa msaada wa nyumbani tu. Huyo naye ana kazi. Kumburuta mjini kila wiki ni kumtesa, na ni kuwaweka watu hatarini.

Anayefaulu pia ana siku zake mbaya. Akiwa na homa, jeraha, au jike akiwa kwenye joto, abaki nyumbani, hata kama ulikwisha kumpanga kwa safari. Hapa kwetu mbwa wa namna hii bado ni wachache mno, na kila anayeonekana anahesabiwa kuwa mfano wa wote. Akimng'ata abiria mmoja stendi ya Muleba, kondakta hatasema mbwa wa fulani aling'ata. Atasema mbwa hawapandi. Mlango huo utakuwa umemfungia na mlemavu wa kijiji cha pili ambaye mbwa wake hana kosa. Kwa hiyo kabla ya kila safari jiulize: leo anakula dagaa, anakutazama, anaweza kulala kwenye gunia? Moja likikosekana, nenda na ndugu yako wa kukushika mkono, mbwa asubiri.